Mlimau wa Chumba cha Kumi na Nne

Uliniomba karatasi moja tu, Njeri, ulipoirithi kazi yangu ya bustani: vyungu vya Agosti vinabadilishwaje, udongo gani, mkasi upi, uanzie kibaraza gani. Nimeanza mara tatu na kila mara kalamu imekwenda kwingine. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote, maelekezo na yasiyo maelekezo, nawe utachambua. Kiswahili changu utanisamehe, ni cha Mrundi aliyekisomea kambini Kigoma. Muda ninao sasa. Mgongo tu ndio unaoninyima kukaa sana kitini.

Nilifika kwenye nyumba ile ya wazee nikiwa na miaka hamsini na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa Wetherill Park, mtaa wa viwanda, kwenye ghala, nikipanga maboksi ya vigae mpaka siku mgongo ulipogoma. Ofisi ya ajira ikaniuliza ninajua kazi gani nyingine. Nikasema nimewahi kulima. Wakaandika "bustani". Kulima muhogo na kutunza maua ya wazee wa Kizungu ni kazi zinazofanana kwa koleo tu, lakini sikuwasahihisha.

Nilipokelewa na Lien, mtunza bustani mkuu, ambaye pia alikuwa mtunza bustani wa pekee. Alikuwa mama wa Kivietinamu, mfupi, mwenye kofia pana na mfuko wa aproni uliojaa vipande vya kamba. Alinionyesha mwaridi kwenye chungu cha plastiki, akaniambia niutoe. Nikaushika shingoni, nikavuta. Ukakatika mkononi mwangu, mizizi ikabaki ndani. Lien aliutazama mwaridi, akanitazama mimi, kisha akaenda kuleta ufagio. Nilifagia siku nne. Siku ya tano aliniita mezani, akakilaza chungu kingine ubavu, akakigonga kwa kiganja huku akikizungusha, akagonga tena, na mmea ukateleza nje wenyewe, udongo wote ukiwa umeshikamana.

"Usivute," alisema. "Gonga, halafu subiri."

Kiingereza chake kilichechemea mguu huu na changu mguu ule, kwa hiyo tuliongea kidogo na tukaelewana sana.

Sasa haya ndiyo uliyoyaomba. Upande wetu wa Campbelltown, ambako Agosti ni mwisho wa baridi, asubuhi utakuta sakitu, ule ukungu ulioganda, mweupe juu ya nyasi, na saa sita mchana utavua koti. Miti bado imelala lakini inakaribia kuamka. Huo ndio wakati. Mzizi ukikatwa mti ukiwa usingizini, mti hauumii sana, na siku chache baadaye joto linakuja kuusaidia. Anza na waridi na vichaka vilivyopukutisha majani. Milimau na mingine inayoogopa baridi iache mpaka mwisho wa mwezi, sakitu ikishakoma.

Ukiutoa mmea, tazama mizizi kabla ya kufanya lolote. Ikiwa imejizungusha ndani ya chungu kama kamba kwenye ndoo, imebanwa. Chukua kile kisu cha mkate chenye meno, usidharau, kimefanya kazi kuliko mimi, ukate utepe mwembamba pande zote na chini. Kisha chanua kwa vidole. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa upana wa vidole viwili kila upande, basi. Ukiupa mti mdogo chungu kikubwa kwa huruma, udongo utakaa na maji na mizizi itaoza. Usiweke mawe chini, hata wazee wakikusisitiza, na watakusisitiza. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, weka kivulini wiki nzima, na mbolea usiitie hadi uone majani mapya.

Na vaa barakoa unapofungua mfuko wa udongo. Vumbi lake lina vijidudu vya mapafu, onyo limeandikwa kwenye mfuko wenyewe. Lien alinivalisha barakoa miaka mingi kabla ya korona. Dunia nzima ilipoanza kuvaa, mimi nilikuwa na alama za kamba masikioni tayari.

Kila mkazi alikuwa na chungu chake kibarazani, chenye kibao cha plastiki cha jina. Lien ndiye aliyeanzisha desturi ya kuwatoa wenyewe nje wiki za kubadilisha vyungu. Tuliweka meza juani, wakaletwa kwa viti vya magurudumu na mablanketi magotini, na kila mmoja akashughulikia mmea wake kwa kadiri ya mikono yake. Wengine walishika tu. Mzee mmoja aliyekuwa rubani alilala usingizi na konzi ya udongo mkononi, tukamwacha nayo. Lien alipohamia Brisbane kwa mwanawe, desturi hiyo niliishika peke yangu.

Bi Edna wa chumba cha kumi na nne ndiye aliyekuwa akifika mezani wa kwanza. Alikuwa amepika kwenye shule ya bweni miaka thelathini, mikono yake mikubwa, na alizungumza nami kama vile mimi ni mtu anayechelewa kazini kila siku. Chungu chake kilikuwa na mlimau mfupi. Mumewe, Ron, aliununua walipouza nyumba yenye uwanja wakahamia ghorofani. Ron aliufunga kwenye mti wa kuegemea kwa waya, akasahau kuufungua, waya ukaula mti. Ulipotolewa ulibakiza kovu la duara kwenye shina, kama alama ya pete kwenye kidole kilichonenepa. Ron alipofariki, Bi Edna alikuja kwetu na masanduku mawili na mlimau huo. Kila mwisho wa Agosti alipandisha mikono ya sweta akachanua mizizi yake mwenyewe, kwa uma alioutorosha chumba cha kulia. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika chungu na kusema ndiyo.

Majira ya baridi ya kwanza ya korona, wazee walizuiwa kutoka. Ndugu zao walizuiwa kuingia. Nikahamisha meza chini ya madirisha, nikafanya kazi mbele ya vioo. Kila mmea niliuinua mizizi ionekane, kama muuza nyama anavyomwonyesha mteja paja. Wengine walitikisa kichwa, wengine walilia, na wengine hawakuwa wakijua tena kile ni nini. Bi Edna aligonga kioo kwa pete yake nilipouchukua mlimau.

"Uache!" alipiga kelele. Nilimsoma midomo kuliko nilivyomsikia. "Mwaka kesho nitaufanya mwenyewe!"

Nikauacha.

Mwaka uliofuata tulifungiwa tena, na safari hii upande wetu wa magharibi mwa jiji ulifungwa vikali zaidi. Nilipanda treni tupu nikiwa na karatasi ya ruhusa kwenye simu, nikaingizwa puani kijiti cha kupima korona getini, nikaenda moja kwa moja bustanini. Ndani ya jengo sikuruhusiwa. Mlimau ulikuwa na hali mbaya. Majani yalikuwa manjano, maji yalipita juu hadi chini bila kusimama, na chungu cha udongo kilikuwa kimepata ufa kwa nguvu ya mizizi. Nilikifunga kwa waya kisipasuke.

Furaha, yule mhudumu Mkongo kutoka Uvira unayemjua, alimshikia Bi Edna simu dirishani ili tuongee.

"Hautangoja, Bi Edna," nilimwambia. "Niruhusu wiki hii."

"Mlimau umengoja mwaka mzima. Wiki tatu mpaka tufunguliwe haziuui."

"Mizizi imejaa tele."

"Deo, nimekaa chumba hiki miezi, silimi, sipiki, sishiki kitu. Hicho kimoja niachie. Niahidi."

Nikamwahidi. Aliniangalia kidogo ahakikishe, halafu akamwashiria Furaha achukue simu.

Siku tano baadaye ugonjwa ukaingia kibaraza cha mashariki. Sijui ulivyoingia, na waliojifanya wanajua hawakujua. Mapazia yalishushwa. Furaha alikuja kwenye kioo cha jikoni akiwa amevaa nailoni kuanzia kichwani hadi miguuni, akafungua upenyo mdogo.

"Papa Deo," alisema, "mama ya chumba kumi na ine bamemupeleka hospitali. Hayiko muzuri."

Alifunga mara moja, kwa sababu walikuwa wakimwita.

Wiki zile gari la kijivu la kuchukulia maiti lilikuja mlango wa nyuma, pale unapoipita mboji. Kila lilipokuja nilizima mashine ya nyasi nikavua kofia. Likiondoka niliwasha tena. Hakuna aliyeniambia jina hata moja. Binti yangu alikuwa akifanya usafi hospitali ya Westmead, na jioni nikimweleza kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nishukuru mimi ninashika udongo. Nilikuwa nikishukuru. Ila na udongo nao ulikuwa umeniishia utamu. Nilibadilisha vyungu vya watu nisiojua kama wapo.

Kisha ikaja orodha. Meneja alikuwa wa muda, aliyeletwa baada ya yule wa zamani kuugua. Alisimama mbali getini na kuiweka karatasi juu ya ukuta, akaisoma kwa sauti. Vyumba tisa vya kibaraza cha mashariki vinasafishwa. Vitu vyote vya vibarazani, pamoja na vyungu, viingie kwenye kontena la taka kabla ya Ijumaa.

"Na mimea?" nikauliza.

"Vyote. Vyumba hivyo havina watu tena."

Namba kumi na nne ilikuwa ya sita kwenye orodha.

Nisikilize hapa, Njeri, maana ndipo kalamu yangu ilipokuwa ikikimbilia tangu mwanzo. Furaha alikuwa upande wa pili wa ukuta. Namba yake nilikuwa nayo kwenye simu. Ningeweza kuuliza kwa maneno mawili: Edna yupo? Sikuuliza. Nilijiambia wamechoka, nisiwasumbue. Ukweli ni kwamba niliogopa kulisikia jibu, na kutouliza kulinifaa.

Nilianza asubuhi. Vyungu vidogo vilikwenda haraka. Vibao vya majina niliving'oa nikavitia mfukoni, sijui kwa nini. Mlimau niliuacha wa mwisho. Chungu kilipasuka nilipokiinua, na mizizi ikasimama yenyewe ikiwa na umbo lile lile la chungu, migumu, imejisokota mpaka udongo hauonekani. Ulikuwa mpana, mlango wa kontena haukuutosha. Nikachukua msumeno nikaukata shina mara mbili. Harufu ya majani ilinikaa kwenye glovu, nikazitupa na glovu pia. Baada ya hapo nikafagia.

Zilipita siku kumi na moja. Nilikuwa nikipogoa ua wa mbele simu ikalia. Furaha.

"Papa Deo, mama Edna anauliza mlimao yake iko wapi."

"Edna yupi?" nikasema.

"Edna wetu! Alirudi juzi. Bamemuweka upande ingine, chumba ya tatu. Anakonda, lakini kinywa ni kile kile."

Nilikaa chini, pale pale barabarani. Walikuwa wamepanga kumhamishia kibaraza cha magharibi atakaporudi, ndiyo maana chumba chake kilisafishwa. Havina watu tena. Meneja hakusema uongo.

Nilikwenda dirishani kwake. Uso ulikuwa umebaki mifupa na macho, na mrija wa oksijeni puani. Aliinua mkono akaonyesha nje, kule ulikokuwa mlimau, akafanya vidole kama anayechanua. Nami, mtu mzima, nikamwinulia dole gumba. Nikasema kwa sauti asome midomo: "Unaendelea vizuri." Akafumba macho akatabasamu.

Jumamosi ile niliagiza mlimau kwenye kitalu, nikaupokea getini kwao. Nilichagua wenye kimo kile kile. Nilitafuta chungu cha udongo, nikakipaka maziwa mgando na matope kiote ukungu, kionekane cha zamani. Ni ujanja wa kazi yetu, wenye maduka ya maua wanaufanya kila siku, na haukuwahi kunitia aibu kabla ya siku hiyo.

Milango ilipofunguliwa ilikuwa tayari joto, msimu wa vyungu umepita kitambo. Furaha alimleta Bi Edna mezani na mtungi wake wa hewa, akatuacha. Uma alikuwa nao. Sikujua aliupata wapi, maana vitu vyake vingi vilipotea kwenye uhamisho. Nilimsogezea chungu. Hakukigusa kwanza. Alipitisha kidole gumba kwenye shina, chini hadi juu, polepole, kisha juu hadi chini. Akauzungusha mti, akarudia upande wa pili.

"Deo," alisema, "kovu la Ron liko wapi?"

Nilikuwa nimetunga jibu. Nilikuwa nalo wiki sita, limepangika vizuri. Nikaliweka kando.

"Niliukata, Bi Edna. Niliutupa."

"Lini?"

"Ulipokuwa hospitali."

Alivua miwani, akaifuta kwa blanketi, akaivaa. "Ulidhani nimekufa."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliona namba ya chumba kwenye orodha."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

Alirekebisha mrija puani. "Siku kumi na tisa pale hospitali," akasema, "watu wote wamevaa kama warina asali, sijui mchana wala jioni. Nilikuwa nikijihesabia hatua. Gonga chungu. Toa. Kata chini. Chanua. Nikifika mwisho naanza upya." Akatazama mikono yake. "Ulilia, angalau?"

Ningemwongopea tena ningekuwa nimemaliza kila kitu kati yetu. "Hapana," nikasema. "Nilifagia."

Sijui kama alicheka au alikohoa. Aliuchukua uma, akaniambia nishike chungu. Akautoa mti kwa kuugonga, akachanua ile mizizi michanga isiyohitaji kuchanuliwa, kwa makini kama miaka yote, akaurudisha na udongo mpya. Ilimchukua karibu saa nzima. Nilipochomeka kibao chenye jina lake, kile nilichokuwa nimekitunza mfukoni, alikichomoa akanirudishia.

"Huu si wa Ron, na wangu pia sijui," alisema. "Uache bila jina."

Aliumwagilia, hata hivyo. Kila asubuhi aliyoweza kutoka, aliumwagilia. Na mimi alinisemesha kama zamani, kama mtu anayechelewa kazini, isipokuwa hakuwahi tena kuniambia nimwahidi kitu.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya Agosti, kwa moyo. Safari hii niliambiwa kwa jina, saa ile ile. Furaha alikuja bustanini kwa miguu yake kunieleza, tukasimama pamoja karibu na mboji gari lilipopita.

Wiki ile mpwa wake alikuja kuchukua vitu. Mwanamke wa makamo, mwalimu, amevimba macho. Alinikuta mezani akanipa mkono.

"Wewe ndiye Deo. Shangazi alinisimulia kwenye simu. Alisema wakati ule wote wa ugonjwa, kila kitu chake kilipopotea, wewe uliuokoa mlimau wa mjomba Ron."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Alisema nikija niuchukue," akaongeza, "na nikushukuru."

Nilimwongoza kibarazani. Aliuinamia, akanusa jani, akaangalia pembeni mwa chungu. "Mbona hauna jina?"

"Lilifutika na mvua," nikasema.

Niliufunga majani kwa gunia yasikatike na upepo, nikaulaza nyuma ya gari lake kwa kukinga chungu na mito miwili ya kiti. Nikamweleza: kivulini wiki ya kwanza, maji asubuhi, mbolea asitie hadi aone majani mapya, chungu kikubwa zaidi Agosti ya mwaka kesho, kwa vidole viwili. Aliandika yote kwenye simu. Alinikumbatia, akaondoka.

Bi Edna alikuwa na haki ya kusema alichosema, na sikuona kwamba ilikuwa haki yangu kukisahihisha mbele ya mtu aliyefiwa. Mpwa wake sikumwambia. Wewe nimekuambia, kwa sababu orodha nyingine itakuja, na chumba kitakuwa na namba, na wewe simu utakuwa nayo.